Dynaco Stereo 70: mvumo kwenye spika zote mbili na vali moja inayogeuka nyekundu

Mwana Santuri (Moshi)

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu nyote.

Ninaomba msaada wa wenye uzoefu na amplifaya za vali. Baba yangu mdogo, aliyeishi Marekani kwa muda mrefu, amerudi nyumbani na kunikabidhi Dynaco Stereo 70, ile amplifaya iliyoingia sokoni mwaka 1959 na ambayo wengi waliinunua ikiwa vipande ndani ya boksi, wakaiunga wenyewe mezani kwao. Ina vali nne za EL34 za kutolea sauti, mbili za 7199 za hatua ya mbele na rektifaya ya GZ34, yaani vali inayogeuza umeme kuwa wa mkondo mnyoofu. Kwa kadiri ninavyoona, hakuna kilichowahi kubadilishwa ndani yake isipokuwa hizo EL34, ambazo zinaonekana mpya kuliko vingine vyote. Transfoma tatu za juu hazina harufu wala alama ya kuungua. Kwa kuwa iliundwa kwa umeme wa Marekani, ninaiendesha kwa transfoma ya kushusha umeme iliyoandikwa volti 110.

Matatizo yenyewe ni haya. Spika zote mbili zinatoa mvumo mzito mara tu vali zinapopata moto, na mvumo huo haupungui hata nikichomoa waya zote za kuingizia sauti, ingawa upande wa kushoto unavuma kuliko wa kulia. Baada ya kama robo saa, mojawapo ya EL34 za kushoto huanza kuonyesha doa jekundu kwenye sahani yake ya kijivu, dogo kama ukucha, pale kwenye mshono wa ubavuni. Nikiliacha, hupanda juu na kushuka chini hadi ubavu mzima unawaka wekundu hafifu unaoonekana vizuri taa za chumbani zikizimwa. Hapo huwa nazima mara moja. Aidha, transfoma ya umeme yenyewe inanguruma, kiasi kwamba ukiiwekea kiganja unahisi mtetemo, na baada ya saa moja hupata joto ambalo kiganja hakiwezi kulivumilia. Mwisho, nikiunganisha mashine ya santuri kupitia priamplifaya (kikuza sauti cha awali), huongezeka mvumo mwingine ulio mkali zaidi, wenye mkwaruzo ndani yake.

Fundi niliyempelekea alishauri nianze kwa kununua vali zote saba. Kwa bei za EL34 na hasa za 7199, pamoja na usafiri na ushuru, ushauri huo si mwepesi, na ningependa kujua kama una msingi kabla sijafungua pochi. Nina maltimita ya kidijiti, ninajua kulehemu na nimeshatengeneza redio kadhaa, lakini sijawahi kuingiza mkono kwenye chombo chenye volti mia nne. Nianzie wapi?

Fundi Kondensa (Mombasa)

Karibu, ndugu yangu. Uanzie kwa kuizima na kuiacha imezimwa hadi ujue sababu ya lile doa jekundu. Vali ya EL34 imekadiriwa kubeba wati 25 kwenye anodi, yaani ile sahani ya kijivu, na wekundu ni ushahidi kwamba imezidishiwa mzigo huo kwa mbali. Ikiachwa hivyo huanza kutoa gesi ndani, mkondo huongezeka zaidi, na katika Stereo 70 kinachofuata kuungua ni transfoma ya kutolea sauti, ambayo ndiyo mali ya kweli ya chombo hicho. Vali utapata nyingine. Transfoma ya A-470 iliyo asilia, ukiiunguza, utaitafuta sana.

Kuhusu usalama nitasema machache, lakini uyashike. Chini ya chesisi hiyo, yaani kiunzi cha bati, kuna volti 430 hivi wakati inafanya kazi, na zaidi ya hapo wakati GZ34 imechomekwa huku EL34 zimetolewa, kwa sababu hakuna anayetumia umeme huo. Kwa kawaida vali zenye moto humaliza chaji ya kapasita zenyewe baada ya kuzima. Ukizitoa vali kwa ajili ya majaribio, chaji hubaki humo kwa muda mrefu, plagi ikiwa mkononi mwako na wewe ukidhani uko salama. Chukua rezista ya kiloomu 10 yenye uwezo wa wati 10, uifunge kwenye nyaya mbili zenye vibanio, upande mmoja kwenye chesisi na mwingine kwenye mguu wa kapasita kubwa, uhesabu hadi kumi, kisha uhakikishe kwa mita kwamba volti zimeshuka karibu na sifuri kabla ya kugusa chochote. Wakati wa kupima kitu kinachowaka, kibanio cheusi cha mita kikae kwenye chesisi muda wote na mkono wako wa kushoto ukae mfukoni.

Usiiwashe bila spika au rezista ya oomu 8 kwenye matokeo yake. Amplifaya ya vali isiyo na mzigo huweza kujidhuru ikipata sauti, tofauti na hizi za transista ulizozizoea. Na fyuzi iwe ile iliyoandikwa, ampea 3 ya aina inayochelewa kukatika. Kama kuna mtu aliyeweka kubwa zaidi, hiyo ni habari muhimu utuambie.

Bi Lehemu (Minnesota)

Salaam kutoka huku kwenye baridi. Chombo hiki huku kimejaa katika minada ya vitu vya zamani, na nimekirudisha uhai mara nyingi, kwa hiyo niruhusuni nieleze kwa kirefu kidogo.

Ndugu Mwana Santuri, orodha yako ina hitilafu tatu au nne tofauti ambazo zimekutana mahali pamoja, na ndiyo maana kununua vali saba hakutakusaidia: utaweka EL34 mpya kwenye soketi iliyoiunguza ya zamani, nayo itawaka nyekundu vilevile. Inabidi kuzitenganisha hitilafu moja moja, na kipimo cha kwanza cha kuzitenganisha ni sikio. Umeme wa kwenu una mizunguko 50 kwa sekunde. GZ34 hutumia nusu zote mbili za kila mzunguko, hivyo mabaki ya mawimbi katika umeme wa volti ya juu huwa ya hezi 100. Mvumo unaotokana na nyuzi za kupasha vali moto, au na sumaku ya transfoma iliyo karibu, huwa wa hezi 50, mzito na wa chini zaidi. Ukiwa na programu ya simu inayochora masafa ya sauti, weka simu mbele ya spika na uangalie kilele kimesimama wapi. Kilele cha 100 kinakuelekeza kwenye kapasita kubwa ya kuchujia. Kilele cha 50 kinakuelekeza kwingine, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: umeme hasi wa bayasi, ule unaozuia mkondo wa EL34 usizidi, katika Stereo 70 hupitia rektifaya ndogo ya seleniamu inayotumia nusu moja tu ya mzunguko, kwa hiyo kapasita zake zikikauka nazo huvuma kwa 50.

Kipimo cha pili ni kuziba njia. Chukua plagi mbili za kuingizia sauti, uunganishe pini ya katikati na ganda lake, uzichomeke mbele. Kwa kuwa umesema mvumo haubadiliki ukichomoa waya, natarajia hautabadilika hata hapo, lakini tuwe na hakika, kwa sababu matundu yaliyoachwa wazi hudaka mvumo kutoka hewani. Kisha zima, toa vali zote mbili za 7199, washa tena. Mvumo ukibaki ulivyo, chanzo kiko kwenye vali za kutolea au kwenye umeme unaozilisha. Ukitoweka, chanzo kiko kwenye hatua ya mbele: aidha 7199 yenyewe imeanza kuvujisha kutoka uzi wa moto kwenda kwenye kathodi (sehemu inayotoa elektroni), aidha sehemu za mwisho za kapasita ile kubwa zimekufa. Ukizirudisha, badilishana 7199 ya kushoto na ya kulia uone kama mvumo unahama pamoja na vali.

Sasa nije kwenye doa jekundu. Kila upande una rezista ya oomu 15.6 ambayo mkondo wa EL34 mbili hupita, na mtengenezaji aliagiza usome volti 1.56 juu yake, yaani miliampea 100 kwa vali mbili. Udhaifu wa mpango huo ni kwamba mita inakuonyesha jumla bila kukuambia nani amebeba nini. Vali moja inaweza kuchukua 30 na mwenzake 70, ukasoma 1.56 iliyonyooka kabisa, huku yule wa 70 akiunguzwa kwa wati 30. Kwa hiyo pima mguu wa 5, ule wa gridi inayopokea bayasi, wa kila EL34 ya upande wa kushoto dhidi ya chesisi, kwa haraka, kabla doa halijajitokeza. Inatakiwa usome volti hasi zinazokaribiana, mahali fulani kati ya 30 na 40. Ikiwa moja imesogea kuelekea sifuri kuliko nyingine, zima, itoe vali hiyo, washa, upime tena mguu uleule wa soketi iliyo wazi. Volti zikirudi sawa na za jirani, vali ndiyo mbovu. Zikibaki pale pale, kapasita ya 0.1 maikrofaradi inayoleta sauti kutoka kwenye bodi inavujisha umeme chanya juu ya gridi, nayo imetenda hivyo kwa kila vali iliyowahi kukaa pale.

Hitilafu hiyo moja inaweza pia kueleza kwa nini kushoto kunavuma zaidi. Vali mbili za kutolea hufanya kazi kwa kusukumana, na mvumo ulio kwenye umeme wa volti ya juu huziingia zote mbili kwa pamoja kisha hufutana ndani ya transfoma, mradi tu mikondo yao iwe sawa. Mmoja akizidi, mvumo haufutiki. Ndiyo maana ninashauri uimalize hitilafu ya bayasi kwanza, kisha ndipo uusikilize upya mvumo uliobaki.

Ukiwa chini ya chesisi, tazama pia tako la ile kapasita kubwa ya duara yenye sehemu nne, 30, 20, 20 na 20 maikrofaradi kwa volti 525. Kama kuna ute wa kahawia uliokauka kuzunguka miguu, au duara jeusi la katikati limevimba, hakuna haja ya kupima zaidi.

Mwana Santuri (Moshi)

Ninawashukuru sana, Fundi na Bi Lehemu. Nimefanya mlivyoelekeza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Fyuzi iliyokuwamo ilikuwa ya ampea 5, nimeibadilisha. Mvumo unabaki plagi za kuziba zikiwa zimechomekwa, na unabaki pia 7199 zikiwa zimetolewa, ingawa unapungua kidogo. Programu ya simu inaonyesha kilele kirefu kwenye 100 na kingine kifupi kwenye 50. Bayasi ya kulia inakubali kurekebishwa na nimeiweka 1.5, lakini ya kushoto, hata nikizungusha hadi mwisho, haishuki chini ya volti 2.0. Mguu wa 5 wa vali ya mbele kushoto unasoma hasi 41, na wa vali ya nyuma, ile inayowaka, unasoma hasi 29. Nilipoitoa hiyo ya nyuma na kuwasha tena, soketi tupu ilisoma hasi 29 vilevile.

Tako la kapasita kubwa lina ute kama ulivyoeleza, mgumu kama sandarusi, umeziba hata zile alama za nusu duara, mraba na pembetatu zinazotambulisha miguu. Nilipima pia umeme wa mawimbi baada ya ile koili ya chuma ya kuchujia, na mita ikaonyesha karibu volti 9. Je, hiyo ni nyingi?

Kijana wa Volti (Dodoma)

Mkuu, kwa mtazamo wangu usihangaike na marekebisho madogo madogo. Toa GZ34, weka dayodi za silikoni, kisha weka kapasita za maikrofaradi 100 kila mahali penye 20 na 30. Mvumo wote utakwisha na utaokoa gharama ya rektifaya. Kapasita kubwa siku hizi ni za bei nafuu na zinaingia kwa urahisi chini ya chesisi.

Fundi Kondensa (Mombasa)

Kijana, nia yako ni njema, lakini ushauri huo una madhara mawili. Kama ataibakiza GZ34, kapasita ya kwanza baada yake haitakiwi kuzidi maikrofaradi 60 kwa mujibu wa maelezo ya vali yenyewe. Ukiweka 100, mkondo wa kuijaza kila nusu mzunguko utaunguza rektifaya ambayo leo ni miongoni mwa vali za bei ya juu. Kama ataiondoa na kuweka dayodi, volti za juu zitafika papo hapo wakati EL34 bado baridi, zitapita mia tano, na zitaendelea kuwa juu kuliko ilivyopangwa hata baada ya vali kupata moto. Chombo ambacho tayari kinalalamika kwa mzigo hakiongezewi mzigo.

Ndugu Mwana Santuri, volti 9 ni nyingi mno. Kwa hesabu yangu, kwa mkondo wa miliampea 200 na zaidi kidogo, kapasita ya 30 inaacha mawimbi ya volti 15 hadi 18 mbele ya koili, na koili hiyo ya henri 1.5 pamoja na kapasita ya 20 inayoifuata zinatakiwa kuyashusha hadi kati ya volti 1 na 2. Wewe una 9, maana yake sehemu ya pili imebaki jina tu. Nunua kapasita mpya yenye sehemu nne inayoingia kwenye tundu lilelile, au uziweke nne tofauti za volti 550 chini ya chesisi. Ikiwa ni ya kuchomeka, ukwangue bati pale ambapo masikio yake yanajipinda, kwa sababu hayo ndiyo njia yake ya kwenda kwenye chesisi, na kutu hapo inatosha kabisa kuikata.

Vipimo vyako vya mguu wa 5 vimeshajibu swali la doa jekundu: kapasita ya 0.1 ya vali ya nyuma inavujisha. Volti 2.0 ukizigawa kwa oomu 15.6 unapata miliampea 128, na sehemu kubwa ya hizo anazibeba yule mmoja. Badilisha zote nne, za kushoto na kulia, kwa za filamu za volti 630, kwani tatu zilizobaki zina umri uleule. Wakati huohuo ondoa seleniamu na uweke dayodi ya 1N4007, pamoja na kapasita mbili za bayasi. Hapo uwe mwangalifu sana: umeme huu ni hasi, kwa hiyo upande chanya wa kapasita hizo unakwenda kwenye chesisi, na mstari wa dayodi unatazama transfoma. Nimepokea karakana vyombo viwili vitatu vilivyowekewa kinyume na mtu aliyefuata mazoea, na EL34 zake zote nne zilikuwa zimekwisha.

Sasa kuna jambo la transfoma inayonguruma, ambalo naona halijaguswa. Iliundwa kwa volti 117 na mizunguko 60. Nguvu ya sumaku ndani ya chuma chake hutegemea volti ukizigawa kwa mizunguko: kwao ni 117 kwa 60, yaani 1.95. Transfoma nyingi za kushusha umeme zinazouzwa huku, hata zikiandikwa 110, hugawa kwa mbili tu, kwa hiyo umeme wa ukutani ukiwa 240 unapata 120, na 120 kwa 50 ni 2.4. Umekiongezea chuma mzigo wa karibu asilimia 23 kuliko alivyokusudia mchoraji. Chuma kikikaribia kushiba, hutetemeka, hupata moto na hurusha sumaku nje inayodakwa na vyote vilivyo jirani. Huenda hicho ndicho kilele chako kifupi cha 50. Pima kinachotoka kwenye hiyo transfoma yako huku amplifaya ikiwa imewashwa. Ukipata inayotoa 110 kweli, uwiano unashuka hadi 2.2, na nyuzi za vali zinapata volti 5.9 badala ya 6.3, upungufu ambao bado uko ndani ya asilimia 10 zinazovumilika. Usishuke zaidi ya hapo kwa tamaa ya ukimya, maana kathodi isiyopata moto wa kutosha nayo huharibika.

Tiba kamili ni transfoma ya umeme iliyotengenezwa kwa volti 230 na mizunguko 50. Ni ghali, na uzito wake unaufanya usafiri uwe ghali pia, kwa hiyo si lazima uanze nayo.

Bi Lehemu (Minnesota)

Naunga mkono aliyosema Fundi, na nimejifunza, kwa kuwa huku kwetu suala la mizunguko 50 halitokei. Nimerudia hesabu yake ya mawimbi kwa 60 na nikapata chini kidogo ya volti 1 baada ya koili, wakati kwa 50 inakaribia 1.6. Kwa hiyo Ndugu Mwana Santuri asishangae ikiwa chombo chake, hata kikiwa kizima kabisa, kitabaki na mvumo mdogo badala ya kimya anachosimulia baba yake mdogo.

Ningeongeza kitu kimoja tu kwenye orodha ya kazi. Ukiwa umeshafungua, katisha muungano wa kathodi mbili za kila upande na uipe kila EL34 rezista yake ya oomu 10. Miliampea 40 zitasomeka volti 0.4, na utamjua kila mmoja anabeba nini. Kwa bayasi yenyewe, sioni sababu ya kushika miliampea 50 za kitabu kwa vali za siku hizi. 40 zinatosha, sauti hutaona tofauti, na vali zitadumu.

Mara ya kwanza ya kuwasha baada ya kulehemu, pitisha umeme kwenye balbu ya uzi ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo. Ikiwaka sana mwanzoni kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu zake zote, zima na utafute ulipokosea kabla fyuzi haijakutafutia.

Mwana Santuri (Moshi)

Ndugu zangu, kazi imefanyika. Nimebadilisha kapasita kubwa, zile nne za 0.1, dayodi na kapasita za bayasi, na nimeweka rezista nne za oomu 10. EL34 zote sasa zinakaa kati ya volti 0.39 na 0.42, ile ya nyuma kushoto ikiwemo, na haijaonyesha wekundu hata baada ya kusikiliza jioni nzima. Mawimbi baada ya koili yameshuka hadi volti 1.7. Mvumo wa spika sasa lazima niinamishe sikio karibu na koni ndipo niusikie, pande zote mbili sawa. Sijanunua vali hata moja.

Transfoma ya kushusha umeme ilikuwa ikitoa 122, Fundi. Nimeazima nyingine inayotoa 111. Mngurumo wa chuma umepungua sana, joto limepungua, ila haujakoma.

Kilichobaki ni ule mvumo mkali ninapounganisha mashine ya santuri. Priamplifaya ina plagi ya pini tatu, amplifaya ina ile ya Kimarekani ya pini mbili. Jirani ananiambia nikate waya wa ethi wa priamplifaya. Ninasita.

Bi Lehemu (Minnesota)

Usisite tu, ukatae. Waya wa ethi unakulinda siku ambayo waya wenye moto utagusa chesisi. Anza kwa kuiwekea amplifaya waya wa umeme wa nyuzi tatu, wa ethi ukiwa umefungwa kwa skrubu yake mwenyewe kwenye chesisi, mbali na skrubu za transfoma, na uhakikishe transfoma uliyoazima inapitisha ethi kutoka ukutani. Vyombo vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja, ili ethi zao zikutane mahali pamoja badala ya kuzunguka kupitia soketi mbili za ukutani.

Kisha fuatisha mnyororo kutoka nyuma. Unganisha priamplifaya na amplifaya bila mashine ya santuri. Kukiwa kimya, tatizo liko mbele yake: tazama kama ule waya mwembamba wa ethi wa mashine umefungwa kwenye skrubu ya priamplifaya, kwani ukiachwa unaning'inia hutoa hasa mvumo wa mkwaruzo unaoueleza. Kukiwa bado kunavuma bila mashine, jaribu kuunganisha upande mmoja tu wa sauti. Mvumo ukitoweka kwa waya mmoja na kurudi kwa nyaya mbili, una mzunguko wa ethi kati ya nyaya hizo, na utaupunguza kwa kuzifunga pamoja urefu wote bila kuacha nafasi katikati.

Na hiyo transfoma ya kushusha umeme, iko wapi? Kama imekaa kwenye rafu moja na santuri, isogeze mita moja au zaidi, kisha uigeuze kidogo kidogo huku sindano ikiwa karibu na sahani bila kuigusa na sauti ikiwa juu. Utapata pembe ambayo mvumo unapungua. Uiache hapo.

Mwana Santuri (Moshi)

Waya wa ethi wa mashine ulikuwa umekatika ndani ya plastiki, pale unapotokea chini ya mashine. Kwa nje ulionekana mzima, ni mita tu iliyofichua. Nimeulehemu upya, transfoma nimeishusha sakafuni nyuma ya kabati, na waya wa nyuzi tatu nitauweka mwishoni mwa wiki. Nikipata bei ya transfoma ya umeme ya volti 230 nitarudi kuwauliza kuhusu vipimo vyake.